Nta Mguuni mwa Simba

Moroni, Badjanani
20 Februari 1977

Dada yangu Koulthoum,

Assalamu alaikum. Telegramu ya kifo cha Mama ilinikuta ofisini. Niliisoma, nikaikunja, nikaendelea kugonga mihuri. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kuna nini, nikamwambia mama yangu amefariki, akasema inna lillahi, nami nikamwitikia inna lillahi kana kwamba msiba ni wake. Mpaka leo sijalia. Nakwambia mapema usije ukasikia kwa watu. Nimekaa msikitini nikakumbuka alivyokuwa akiniita, hakuna kinachokuja. Ruhusa ya kusafiri sikupata, ndiyo maana hukuniona mazikoni.

Naandika Kiswahili chetu cha shuleni Unguja kwa sababu barua siku hizi zinafunguliwa, na wafunguaji wengi hawana subira nacho.

La pili ndilo lililonishikisha kalamu. Nyumba sasa ni yako, kama desturi yetu ilivyo, ya mama humwendea binti. Na ile ngao ya mbao iliyo juu ya mlango ni yako pia. Huku Moroni vijana wa kamati za serikali hii mpya wameanza kupita nyumba za wakubwa wakiondoa kila wanachokiita alama ya ukabaila, na huko kisiwani kwenu hawatachelewa. Wakikuuliza ngao hiyo ni ya nini, uwe na jibu. Nakuandikia kama alivyonifundisha Mjomba Chabane, Mungu amrehemu.

Babu yetu alikuwa Lodi Dankani, mtu wa Skotlandi, mtoto wa ukoo uliokaa na wafalme. Meli yake ilitia nanga Mutsamudu kuchukua maji, akamwona binti wa watu wakubwa, akasilimu, akamwoa, akabaki. Simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma ni damu ya kifalme. Mkono wenye upanga juu ya kichwa chake ni kusema watu hawa hawakuomba cha mtu. Nyota tatu ni vita walivyoshinda. Herufi za chini maana yake ni "Hatupigi magoti." Na yule mwalimu wetu Mskoti wa Unguja, nilipomchorea simba na nyota zake, alisema kweli, hiyo ni ngao ya nyumba kubwa kwao, na kwamba kwao mtu haweki mlangoni ngao isiyo yake, ni kosa mbele ya sheria. Hilo limenitosha maisha yangu yote.

Ukumbuke pia kwamba Bwana Allaoui alikubali kumposea mwanawe binti yako Moinafouraha kwa sababu ya ngao hiyo. Mimi ndiye mjomba wa mtoto, na neno nimelitoa mimi. Watu wa ukoo wa Allaoui hawaingii nyumba ovyo ovyo.

Mfungo Sita umeingia. Kabla ya Maulidi tafuta mtu apande ngazi, azibe ule ufa wa mguuni mwa simba kwa nta na masizi, wadudu wasiingie. Kazi hiyo Mjomba Chabane alinipa mimi tangu nikiwa mdogo, na hata tulipokuwa Unguja niliifanya nikija likizo. Mwaka huu sipo.

Ndugu yako,
Dhoihir


Mutsamudu
6 Machi 1977

Wee Dhoihir,

Waalaikumu ssalamu. Barua ya msiba gani hii, bwana, mistari michache ya Mama na ukurasa mzima wa simba? Loh! Na la ruhusa usinidanganye. Huyo mwenzako wa meza ya pili ana dada yake hapa mjini, naye kashasema: ruhusa hukuomba. Sikukasirika. Nakwambia tu ili usijichoshe kutunga.

Mama alikufa alasiri, baada ya kunywa uji kidogo. Tulimwosha mimi na wanawake wa mtaani, pamoja na yule mwanamke wa kijijini Patsy uliyezoea kumwona jikoni kwetu. Khitma ilikuwa ya sinia chache, maana kamati imekataza watu kupika msibani. Alikutaja. Kakuachia neno, nitakupa ukija, si la kuandika. Mimi pia sijalia kama inavyotakiwa. Nimekuwa kama mguu ulioulalia: unajua ni wako, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Moinafouraha kajiunga na kamati. Usiruke. Shiromani kalivua, anapita kichwa wazi mitaani, anawafundisha kusoma wanawake wenye umri wa bibi yake. Nikimwambia mjomba wako kashakuposesha kwa mtoto wa Allaoui, ananijibu, "Basi Mjomba akaolewe yeye." Samahani, ndivyo alivyosema, nami nikacheka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu Mama aondoke.

Sasa sikiliza. Kamati imetuletea amri. Mkuu wao ni kijana wa Patsy anaitwa Salimou, kazi yake kupika maua ya langilangi kwenye tanuri kule juu, akikaa karibu yako harufu inakuingia mpaka kwenye kanga. Kasema kabla ya sikukuu ya uhuru, mwezi wa saba, nyumba zenye alama za mabwana zitatwaliwa. Alama itachomwa uwanjani, na nyumba itakuwa ya kamati. Yetu imo. Mimi mjane, nikitolewa hapa nakwenda wapi? Sina kingine duniani ila nyumba hii, na mtoto wangu hana kingine baada yangu, hata kama kwa sasa anajiona hahitaji kitu.

Kuna jambo ninaloweza kuwaambia, wakaiacha nyumba na ngao yake. Ni jambo la Mama. Lakini likishatoka halirudi, na litakugusa wewe kuliko mimi. Niambie nifanyeje.

Nta sikutia.

Dada yako,
Koulthoum


Moroni
24 Aprili 1977

Dada Koulthoum,

Ofisi hakuna tena. Serikali imeturudisha nyumbani makarani wote na kazi zetu zimepewa kamati. Karatasi zilitolewa nje zikatiwa moto, za miaka yote, za vizazi, vifo na viwanja. Tulisimama tukitazama. Mmoja wetu alilia. Mimi nilikuwa naangalia kama upepo utaniletea majivu kwenye shati, maana lilikuwa limetoka kufuliwa. Sasa nakaa barazani hapa Badjanani asubuhi mpaka adhuhuri, kisha naingia ndani kwa mke wangu, nalala.

Unasema Mama alikuwa na jambo. Sikumjua Mama kuwa na habari za ngao. Zilikuwa za wanaume. Lakini kama lipo na litaokoa nyumba, lisemwe. Niandikie kwanza. Huenda Lodi Dankani aliwatendea wema maskini, hilo lingewapendeza hawa vijana.

Sina kingine kilichobaki, Dada. Kazi imekwenda, Mama kaenda. Nikiamka najiambia mimi ni mtu wa nyumba ile yenye simba, ndipo naweza kuvaa viatu.

Dhoihir


Mutsamudu
9 Mei 1977

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Usinisome barazani mbele za watu.

Wanaume wa nyumba hii wana habari yao ya ngao, mjomba humpa mpwa wake. Wanawake wana yao, mama humpa binti siku anapomkabidhi funguo. Mimi nilipewa siku ya harusi yangu, wewe ukiwa nje na joho lako unapokea wageni. Mama alinisimamisha mlangoni akanionyesha kimoja kimoja kwa ncha ya mwavuli. Nilicheka, nikidhani ananitania.

Hakuna Lodi. Dankani alikuwa fundi seremala wa meli. Kwao, baba yake alilima ardhi ya lodi, na yeye tangu utotoni alifundishwa kuchonga ngao ya lodi. Aliichonga kwenye milango ya lodi, kwenye viti vya lodi, mpaka kwenye jeneza la lodi. Mwalimu wetu hakukosea, ni ngao ya nyumba kubwa. Ni nyumba ya mwingine, basi. Dankani akatoroka meli hapa, akawa anawatengenezea wakubwa wa mji milango na milingoti, nao wakampa kiwanja.

Na mke hakuwa binti wa wakubwa. Aliitwa Moina, mtumwa wa shamba la miwa kule juu ya Patsy, aliyeletwa kutoka bara akiwa mtoto. Alizaa na Dankani watoto watatu, na kwa kuwa mama alikuwa mtumwa, watoto nao wakawa mali ya mwenye shamba. Wa nne alikuwa tumboni Moina alipoachwa huru. Akazaliwa msichana, naye huru. Huyo ndiye bibi tuliyetoka sisi, na nyumba hii Dankani alimjengea yeye, kama baba yeyote wa hapa anavyomjengea bintiye. Akataka amwekee pambo juu ya mlango. Alichojua kuchonga ni kile kile, basi akakichonga, lakini akakibadilisha.

Simba ni jike. Mtazame tumboni utaona. Ndiye Moina. Mkono haukushika upanga, umeshika patasi, ile ncha ya bati iligongelewa baadaye na mmoja wa wajomba, ikapakwa rangi. Nyota ni wale watoto watatu waliobaki Patsy. Herufi hata Dankani hakujua zinasema nini. Hakusoma yule, alizichonga kama mtu anavyochonga maua.

Na mguuni mwa simba, Dhoihir, hakuna ufa. Kuna mnyororo. Kauchonga pete kwa pete, na ya mwisho imekatika. Ndio huo uliokuwa ukiuziba kwa nta.

Hukujua. Mama alikuwa akikutazama dirishani ukiwa juu ya ngazi, anasema, "Mtoto huyu mkono wake mwepesi," halafu anarudi jikoni.

Wale watatu walizaa, na vizazi vyao viko Patsy mpaka leo. Ile sahani inayopandishwa Patsy kila Idd, kabla mtu yeyote wa nyumba hii hajatia tonge mdomoni, ile uliyokuwa ukiiita sadaka ya Mama, si sadaka. Ni fungu lao. Yule mwanamke tuliyemwosha naye Mama ni ndugu yetu, na mwanawe ndiye huyo Salimou.

Naye hajui. Wao wamebaki na sahani, sisi tumebaki na habari. Nikimwambia, hataichoma. Niseme?

Koulthoum


Moroni
21 Mei 1977

Dada,

Usiseme.

Nimeisoma barua yako mara moja nikaitia kwenye jiko. Usidhani nakuandikia kwa hasira. Hasira sina, sisikii kitu. Nimefikiri tu.

Waache waichome. Wakiichoma, tutakuwa watu waliochomewa ngao yao, na hiyo ni heshima. Siku mambo yakigeuka, Allaoui atalikumbuka hilo. Ukisema, tutakuwa watu wa mnyororo mpaka kiama. Nani atamwoa mwanao? Na mimi nitakaa baraza gani? Hapa Badjanani wakinipisha nikae, wanampisha Lodi Dankani, si karani asiye na ofisi.

Nyumba ikienda, njoo Moroni, mke wangu atakupa chumba. Mimi ni mjomba wa Moinafouraha, na nakukataza.

Dhoihir


Mutsamudu
4 Julai 1977

Dhoihir,

Nimesema.

Walikuja asubuhi na ngazi, shoka na ngoma. Aliyebeba shoka ni Moinafouraha. Aliliomba mwenyewe, ili watu wasije wakasema nyumba yao inapendelewa. Hakunitazama. Salimou akasoma hotuba yao ya mabwana na watwana, nami nimesimama kizingitini na kisu cha jikoni nilichokipasha moto mkaani. Watu wakarudi nyuma, wakidhani mjane kapata wazimu. Nikamwambia Salimou, "Nishikie ngazi, mwanangu." Akaishika. Nadhani ni mazoea tu, mtu mzima akikwambia ushike ngazi, unaishika.

Nikapanda. Miguu yangu unaijua. Nikakandamiza kisu kwenye nta, ikalainika, ikatoka na masizi yake, pete mbili zikaonekana. Nikashuka. Nikawaeleza yote, ya Dankani na Moina na wale watatu, kwa sauti ya kawaida, kama ninayemwelekeza mtu njia ya sokoni. Sikusikia hofu, sikusikia aibu.

Salimou akaniuliza jambo moja. "Kwa hiyo ile sahani ya Idd?"

Nikamwambia, "Ndiyo."

Akasema, "Mama yangu anaila amesimama. Kila mwaka. Anasema chakula cha wakubwa hakikaliwi."

Akakaa pale pale kizingitini, mkuu wa kamati mzima, kichwa mikononi. Moinafouraha akaliweka shoka chini, akaja kusimama karibu yangu. Hakunishika, lakini alisimama. Hakuna aliyepiga ngoma tena.

Ngao ipo. Nyumba ipo. Adhuhuri haijaingia, Allaoui kashatuma mtu kudai vitambaa vya uchumba na pete. Nikampa, na kahawa nikampa. Jirani wa mbele, yule tuliyekuwa tukiazimana chumvi naye kila siku, kafunga dirisha na mpaka leo hajalifungua.

Ulinikataza, sikukutii. Nyie wanaume wa nyumba hii mnaoa mnakwenda kulala kwa wake zenu. Anayelala chini ya simba huyu ni mimi.

Koulthoum


Mutsamudu
Idd, Septemba 1977

Mdogo wangu,

Idd mubarak. Hujajibu. Kila anayepanda ndege nampa salamu zako, wanarudi wananiambia yupo, anakaa barazani, hasemi.

Mwaka huu sahani sikuipandisha. Wameshuka wao. Mama yake Salimou kaingia kwa mlango wa mbele, kavaa shiromani jipya. Nikamwambia kaa, akakaa ukingoni mwa kitanda kama anayengoja kufukuzwa, lakini alikaa, na akala. Mataba yake, kile kisamvu cha nazi, inaishinda ya Mama. Mama anisamehe.

Fungu lako lilikuwapo. Kalila paka.

Koulthoum


Moroni
4 Juni 1978

Dada Koulthoum,

Assalamu alaikum. Najua nimenyamaza muda mrefu. Sikuwa na la kusema, hilo tu.

Umesikia redioni kwamba serikali ile imeanguka. Nimeitwa kazini. Meza ni ile ile, mihuri ndiyo mipya. Barazani wananipisha tena. Yale uliyoyasema mlangoni yalifika mpaka huku, lakini watu wanasema ni maneno ya kulazimishwa, kama mengi ya wakati ule.

Na hiyo ndiyo njia yetu. Bwana Allaoui kaniandikia kwamba yuko tayari kusahau. Salimou kakamatwa pamoja na wenzake, na wanaoshughulikia mambo yao wanataka watu waje waeleze walifanyiwa nini. Wewe useme tu kwamba alikulazimisha kuzua habari ile, la sivyo angekunyang'anya nyumba. Kisha utie nta mahali pake. Basi. Uchumba utarudi, jirani atafungua dirisha, na mimi nitakuja harusini. Ni nta kidogo na maneno machache, Dada. Hakuna atakayeumia ila kijana ambaye tayari yuko ndani.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeirudia kuisoma. Nilitegemea nitasikia kitu. Sikusikia.

Dhoihir


Mutsamudu
25 Juni 1978

Dhoihir,

Walifika kabla ya barua yako. Watu wawili, na karatasi yao iliyokwisha kuandikwa kwamba nililazimishwa, wakaniambia nitie dole gumba, kama vile mimi sikusoma. Nikawauliza kama wanakunywa kahawa. Dole sikutia.

Wakasema neno la mwanamke peke yake halitoshi, wanamtaka mwanamume wa nyumba. Ukisema nililazimishwa, basi, Salimou hatoki. Ukisema habari ni ya kweli, kwa upande wetu hawana la kumshitakia, na wengine mjini hawajasema lolote juu yake. Kwa hiyo liko mikononi mwako. Mama yake anakuja hapa kila siku. Naye halii. Tunachambua mchele, tukimaliza tunachambua tena ule ule.

Moinafouraha anauliza mjomba wake atasema nini. Nimemwambia sijui. Kweli sijui, Dhoihir, na hilo linaniuma, nami nilidhani hakuna kinachoniuma tena.

Nilisema Mama alikuachia neno, na kwamba nitakupa ukija. Huji. Basi lichukue hapa. Siku ile, baada ya uji, aliniambia, "Dhoihir akija apande ngazi, aitoe ile nta kwa mkono wake. Nilimwogopa kaka yangu, nikamwachia mtoto wangu azibe. Asilaumiwe na mtu. Lakini aitoe yeye."

Kisha akaniuliza kama ndege yako imefika. Nikamwambia imefika, uko njiani unapanda. Akasema, "Mwambie asikimbie. Vichochoro hivi vinateleza."

Hakusema tena.

Nilimdanganya, kama wewe ulivyonidanganya mimi la ruhusa. Pete mbili nilizitoa mimi kwa kuwa sikuwa na njia. Zilizobaki ni zako. Sitazigusa, wala hatazigusa mwingine. Na nta mpya siitii.

Dada yako,
Koulthoum


Patsy
Idd, Septemba 1978

Dada yangu,

Barua hii anakushushia Salimou mwenyewe. Kakonda. Mpe chakula kabla hujamuuliza chochote.

Nilifika Mutsamudu juzi, nikapita mlangoni kwako bila kubisha hodi. Niwie radhi. Nilijua nikikuona kabla, nitaingia ndani nitakaa, kama ninavyokaa kila mahali. Nilikwenda moja kwa moja kwa wale watu wa karatasi. Bwana Allaoui alikuwapo, akaniinukia, akaniita mjukuu wa Lodi. Wakaniuliza kama aliyoyasema dada yangu ni kweli au alilazimishwa. Nikasema ni kweli. Wakaniuliza nimejuaje, na siku ile sikuwapo. Nikasema, "Nta niliitia mimi. Kidole changu kinaujua mnyororo ule pete kwa pete."

Bwana Allaoui akachukua kofia yake akatoka. Kazi yangu ya Moroni sidhani kama ipo. Sijauliza.

Jana walimwachia Salimou, tukapanda naye Patsy kwa miguu. Leo, baada ya swala ya Idd, mama yake akanipa sahani, nikaipokea nimesimama. Akaniambia, "Kaa, ndugu yangu. Kwetu hapa chakula kinakaliwa." Nikakaa. Nikatia tonge la kwanza nikaona amezidisha chumvi, na la pili vile vile, nikawa natafuta namna ya kumwambia. Kumbe ni machozi yangu. Nimelia, Koulthoum, mbele ya watu nisiowajua, namwita Mama kama mtoto mdogo, na siwezi kukueleza yalivyoniuma. Hawakuninyamazisha. Walipunguza tu kula, wakanisubiri.

Kesho asubuhi nashuka. Nisimamishie ngazi mlangoni, na unipashie kisu moto. Nikichelewa usiwe na wasiwasi. Sitakimbia, vichochoro vile vinateleza.

Mdogo wako,
Dhoihir